Muziki kwenye gari la wazi: kubadilisha spika na amplifaya za Land Cruiser isiyo na paa

Maswali yanayonijia ni yale yale. "Nimeweka spika kubwa, mbona nikifika kilomita 60 sisikii kitu?" "Sabufa inatikisa geti nikiwa nimepaki, nikiingia barabarani inapotea." "Masika moja tu, spika zote zimeanza kukwaruza." Wanaouliza wana magari ya jamii moja: Land Cruiser ya toleo la 70 iliyokatwa paa, Defender ya turubai, Jimny iliyofunguliwa nyuma, mara chache Wrangler. Na karibu wote walianza kwa kununua wati.

Kwenye gari la wazi, wati ndicho kitu cha mwisho kuhangaikia. Cha kwanza ni umbali wa spika kutoka sikioni. Mahali pasipo na kuta, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 6, na kuzirudisha hizo desibeli 6 kwa umeme kunataka wati mara nne. Kwa hiyo spika ya mlangoni iliyo mita moja kutoka kichwani, tena inayopiga gotini, ukiihamishia kwenye bomba la juu la fremu ya gari, nusu mita kutoka sikioni, umepata bure kile ambacho mwenzako anakitafuta kwa amplifaya ya wati mara nne. Besi nayo ina hadithi yake: gari lililofungwa vioo huikuza besi, kwa kuwa hewa ndogo iliyofungiwa ndani husukumwa yote kwa pamoja. Ukiondoa paa, msaada huo umeondoka, na hakuna sabufa ya bei ya kawaida itakayourudisha wote.

Nadharia imeishia hapo. Mfano wangu ni Land Cruiser ya 70 kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku hapa Arusha. Hatua ni hizo hizo kwa Defender na Jimny. Vipimo tu ndivyo vinavyobadilika, na utavipima mwenyewe.

Kabla ya kununua chochote, pima betri

Fungua boneti, weka mita kwenye umeme wa DC, pima. Gari likiwa limezimwa, mfumo wa volti 12 wenye betri iliyojaa unasoma kama 12.6, na injini ikiunguruma unasoma 13.8 hadi 14.4. Ukiona betri mbili usikimbilie kusema ni volti 24. Land Cruiser nyingine zina betri mbili zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya, na mfumo unabaki wa 12. Nyingine, hasa baadhi ya zilizotoka Japani na injini za dizeli, zimefungwa mfululizo na ni 24 kweli. Weka mita kati ya chanya ya gari na bodi. Ikisoma 25 na kitu, ni 24.

Nimeona amplifaya mpya kabisa ikitoa moshi ndani ya sekunde mbili kwa sababu mwenye gari hakupima.

Gari la volti 24 linahitaji kishusha umeme cha kutoka 24 kwenda 12. Kile kidogo cha ampea 10 kinatosha redio peke yake. Kwa amplifaya nunua cha ampea 30 au 40. Usikubali fundi akuambie "tutachukua 12 kwenye betri moja tu". Betri moja itakuwa inanyonywa peke yake huku altaneta ikichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa. Moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa kuchajiwa kupita kiasi, na ndani ya miezi michache unanunua zote mbili.

Vitu vya kuandaa

- Spika za boti jozi mbili, inchi 6.5, za omu 4. Koni iwe ya plastiki na ukingo wake uwe wa mpira. Koni ya karatasi haivumilii mvua, na ukingo wa sponji unaliwa na jua. Angalia pia kiwango cha desibeli kwa wati moja: tafuta 90 au zaidi. Spika ya 92 na ile ya 86 zina tofauti ya wati mara nne kwa sauti ile ile.
- Amplifaya ya chaneli nne, ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), wati 50 hadi 75 RMS kwa kila chaneli. Soma RMS tu, yaani wati za kudumu, si za mshtuko wa sekunde moja. "Wati 2000" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi iache hapo hapo kwenye boksi.
- Waya wa umeme wa milimita 10 za mraba, nyekundu na nyeusi, wenye nyuzi nyingi laini. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.
- Fyuzi na kasha lake lisiloingiza maji, ampea 40.
- Waya wa spika wa milimita 1.5, nyaya za RCA (zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya), paipu nyeusi ya mikunjo ya kulindia waya, mipira ya matundu, klipu za plastiki, na mipira ya kubana kwa moto.
- Plaiwudi ya marini (ile ya kufungia zege) ya milimita 12 au 15, silikoni, na bolti zisizoshika kutu.
- Mita, koleo la kubana taminali, bisibisi, spana namba 10, dirili, sandpepa.

Kuhusu herufi IP kwenye boksi la spika: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. 6 ya mwanzo maana yake vumbi haliingii kabisa. 5 ya mwisho ni kustahimili maji ya mpira, 7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. IP65 inatosha. Kama gari linalala Kigamboni, Diani au Unguja, ongeza swali la chumvi: wavu wa mbele uwe wa plastiki au chuma kisichoshika kutu, maana bati lililopakwa rangi linaanza kubambuka mapema sana.

Redio sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Kama ya kiwandani inafanya kazi na ina matundu ya RCA nyuma, ibakize. Kama haina RCA, tafuta amplifaya yenye kiingilio cha nyaya za spika, nazo ni nyingi. Redio iwe ya mwisho kununua.

Kazi yenyewe

1. Toa hasi ya betri. Hasi kwanza, chanya baadaye. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, utaona cheche ambazo hutazisahau. Kama redio yako huomba namba ya siri umeme ukikatika, hakikisha unayo kabla ya hatua hii.

2. Fungua redio, lakini usikate soketi ya kiwandani. Hili ndilo kosa namba moja kwenye magari yanayoletwa kwangu. Soketi ya kuunganishia ya Toyota inauzwa karibu kila duka la vifaa vya redio. Ukiitumia, siku ukitaka kuuza gari unairudisha redio ya zamani kwa dakika kumi. Rangi za nyaya za redio mpya nyingi ni hizi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ethi, buluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Spika za mbele ni nyeupe kushoto na kijivu kulia, za nyuma ni kijani kushoto na zambarau kulia, na kila yenye mstari mweusi ni hasi. Rangi za upande wa gari haziko hivyo, kwa hiyo upande huo usiamini rangi, amini mita.

3. Amua spika zinakaa wapi, kisha tengeneza maboksi. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu sauti yote utakayoipata inaamuliwa hapa.

Kaa kwenye kiti cha dereva, mtu akushikie spika inayopiga muziki (ndogo yenye betri yake inatosha, maana umeme wa gari umekatwa), asogee nayo taratibu: dashibodi, bomba la nyuma ya kichwa, bomba la juu, pembeni ya kiti. Utasikia mwenyewe. Mara nyingi mahali pazuri ni kwenye bomba la juu, spika ikielekezwa chini na ndani kuelekea masikio, si kuelekea nje ya gari. Jozi moja iwe ya viti vya mbele, nyingine ya nyuma. Kama milango yako huwa inatolewa, spika za mlangoni zisahau.

Spika haiwezi kufungwa tu kwenye bomba ikaning'inia. Mgongo wa koni ukiwa wazi, sauti ya nyuma inakutana na ya mbele na besi inafutika. Lazima iwe na boksi lililozibwa. Kwa spika ya inchi 6.5, boksi la lita 6 hadi 10 linatosha. Kwa mfano, nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 20 kwa 20 ni lita 8 kamili. Ganda za plastiki za boti za kufunga kwenye bomba zinauzwa tayari pamoja na spika zake na zinafaa sana, ila bei yake si ya kila mtu.

Ukitengeneza mwenyewe, usitumie MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa). Nilifanya hivyo mara ya kwanza, mbao ikiwa laini na rahisi kukata, nikaipaka rangi safu tatu. Masika yalipoisha pembe zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowa na skrubu zilikuwa zinazunguka bila kushika. Plaiwudi ya marini, gundi isiyopenya maji, silikoni kwenye kila kona ya ndani, na rangi hadi kwenye kingo zilizokatwa, maana hapo ndipo maji yanapoanzia. Tundu la waya liwe upande wa chini wa boksi, si juu, na waya uingie kwa mpira wa tundu.

Funga boksi kwenye bomba kwa vibano viwili vya chuma vyenye mpira katikati, na nati za kujifunga. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka inalegeza nati ya kawaida kwa safari moja. Boksi la kilo nne juu ya kichwa cha abiria halipaswi kutegemea bahati, kwa hiyo ongeza na kebo ndogo ya chuma kama usalama wa pili.

4. Pitisha waya wa umeme. Kutoka chanya ya betri, fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 za kwanza. Fyuzi hailindi amplifaya, inalinda waya na gari lako. Ikiwekwa karibu na amplifaya, mita nne zote za waya zinabaki bila ulinzi.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu limenikuta. Waya uliopita chini ya reli ya kiti, bila paipu na bila fyuzi mbele, ulimenyeka kidogo kidogo kwa mtikisiko hadi shaba ikagusa chuma. Moshi ulitoka chini ya kiti cha abiria tukiwa njiani. Nilivuta boneti na kung'oa taminali kwa mkono uliofungwa shati. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo hakuna gari linalotoka kwangu bila fyuzi betrini.

Kila mahali waya unapopenya bati, weka mpira wa tundu. Ukiwa chini ya gari au kando ya kiti, uingie kwenye paipu, na ushikwe kwa klipu kila sentimita 30. Mbali na ekzosi. Fyuzi yenyewe usiiweke bado.

5. Ethi. Tafuta chuma kizito cha bodi karibu na amplifaya, kwangua rangi mpaka kiangaze, funga taminali kwa bolti na nati, kisha paka grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa chanya, na mfupi, usizidi nusu mita. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse.

6. Funga amplifaya. Gari la wazi huoshwa ndani kwa mpira wa maji, na ndivyo linavyopaswa kuoshwa. Kwa hiyo amplifaya haikai sakafuni. Ifunge kwa kusimama nyuma ya kiti au ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, taminali zikitazama chini ili maji yasitulie. Sanduku liachiwe matundu ya hewa pande za chini. Kufuli si mapambo: vitu kwenye gari lisilo na vioo vinaondoka haraka.

7. Nyaya za spika na RCA. RCA zipite upande mmoja wa gari, waya wa umeme upande mwingine. Zikilala pamoja, mlio wa altaneta utauingia muziki. Pale zinapolazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Usisokote nyaya za spika na kuzifunga tepu. Kwa joto la mchana tepu inayeyuka gundi, vumbi linaingia, na mwezi wa tatu umerudi hapo hapo. Bana kwa taminali au choma risasi, kisha funika kwa mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani.

8. Redio, kama unabadilisha. Pima tundu la dashibodi. Redio za Toyota za Japani zina upana wa milimita 200, za kawaida 180. Ya 180 inahitaji vijaza pembeni, ya 200 haiingii kwenye Defender kabisa. Kwa gari linalonyeshewa mimi napendelea kuacha redio ya dashibodi na kutumia kipokezi cha Bluetooth cha boti, kile cha mviringo chenye vitufe vya mpira. Simu inabaki mfukoni na hakuna uso wa redio wa kuibwa.

9. Kagua kabla ya umeme. Kila jozi ya waya wa spika, upande wa amplifaya, ipime omu. Spika ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikisoma 0, kuna nyaya zimegusana. Ikisoma bila mwisho, umekatika. Kisha pima kila waya wa spika na bodi: pasiwe na mawasiliano yoyote. Kwa chanya na hasi za spika usizo na uhakika nazo, gusa waya kwa betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, ule ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya.

Sasa weka fyuzi, rudisha betri, chanya kwanza.

10. Pima kiwango cha amplifaya. Kile kitufe cha "gain" si cha sauti, na wengi wanaunguza spika hapa. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Washa injini. Weka besi na trebo za redio katikati, sauti robo tatu. Piga mlio wa hezi 400 kutoka kwenye simu (programu za bure zipo). Weka mita kwenye AC, ishike kwenye matokeo ya spika, na uongeze kitufe taratibu. Kwa spika za omu 4: simama kwenye volti 14.1 kama unalenga wati 50, 17.3 kwa wati 75, 20 kwa wati 100. Lenga namba ndogo kati ya RMS ya spika na ya amplifaya. Rudia kwa kila chaneli, kisha rudisha spika.

11. Kata besi. Kwenye amplifaya washa HPF (kichujio kinachozuia besi za chini) na uiweke hezi 80 hadi 100. Wengi wanaona ni kama kupunguza utamu. Lakini kwenye gari la wazi besi za chini ya hapo hazifiki sikioni, zinachosha koni tu. Ukizikata, spika inapaza sauti ya mwimbaji na gitaa juu ya upepo bila kukwaruza.

12. Endesha. Kilomita 60 kwa saa, lami, kisha changarawe. Sikiliza maboksi yanayogonga, kaza. Rudi ukaze tena baada ya wiki.

Na sabufa? Kama huwezi kuiacha, chagua ya inchi 8 iliyozibwa, ya chini ya kiti, ambayo utaihisi kupitia kiti kuliko kuisikia. Hiyo ndiyo besi inayowezekana humu. Madereva wa watalii, mnajua kwamba kelele hifadhini haziruhusiwi. Zima kabla ya geti. Faida mtakayoipata ni ya kipaza sauti: spika karibu na kichwa cha mgeni zinakuwezesha kueleza kwa sauti ya chini kabisa bila kumshtua mnyama.

Yakitokea haya

*Hakuna sauti, taa ya amplifaya haiwaki.* Pima waya wa kuamsha: redio ikiwa imewashwa lazima usome kama volti 12. Kama upo, pima fyuzi, kisha ethi.

*Taa nyekundu ya ulinzi inawaka.* Chomoa nyaya za spika zote. Ikizimika, rudisha moja moja. Itakayoirudisha nyekundu ina waya uliogusa bodi. Ikiwaka hata bila spika, tatizo liko ndani ya amplifaya.

*Mlio mwembamba unaopanda na injini.* Karibu kila mara ni ethi. Kwangua upya, fupisha waya. Ukibaki, tenganisha RCA na waya wa umeme.

*Sauti kubwa lakini nyembamba, mwimbaji kama yuko mbali.* Spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Rudia kipimo cha betri ya volti 1.5.

*Redio inasahau stesheni kila ukizima.* Njano na nyekundu zimebadilishana nafasi.

*Asubuhi betri imekufa.* Waya wa kuamsha umefungwa kwenye umeme wa kudumu, amplifaya hailali. Weka mita ya ampea kati ya hasi ya betri na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Zaidi ya ampea 0.05 kuna kitu kinakunywa. Toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

*Stesheni chache tu za FM.* Redio ni ya Japani, ambako masafa ya FM yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati sisi tunakwenda hadi 108. Kile kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kinachowekwa kwenye antena kinasaidia, lakini kinadhoofisha stesheni za mbali na namba kwenye kioo hazilingani na za kweli. Hapa ndipo kununua redio mpya kuna maana.

*Spika moja inakwaruza hata kwa sauti ndogo.* Bonyeza koni taratibu kwa vidole vinne, sawasawa pande zote. Ukihisi mkwaruzo, vumbi limeingia kwenye koili na spika hiyo haiponi. Badilisha, na kabla ya kufunga mpya kagua boksi lake kwa tochi gizani, tochi ndani, macho nje. Palipo na mwanga ndipo vumbi lilipopitia.